Tulikuwa tunaandika HAKUFIKA kwa wino mwekundu. Nimewapigia simu, njooni niwaambie walichosema

Mtunza Mafaili

Wakuu, salaam. Wa Tukuyu ugonile, wa Iringa na Njombe kamwene.

Mimi niko dirisha la mafaili kwenye hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini. Siitaji, na ninyi mnaoijua naomba msiitaje, bado nina watoto wanasoma.

Kazi yangu ni hii. Asubuhi natoa mafaili ya wenye tarehe siku hiyo, yanakwenda chumba cha daktari. Saa saba mchana yanarudi mafungu mawili: yaliyofunguliwa na yaliyokaa tu. Haya yaliyokaa tu tunayagonga HAKUFIKA kwa kalamu nyekundu, yanarudi kabatini. Basi. Mtu ana presha ya mia mbili na kitu, sisi tumemtibu kwa wino.

Kwenye vikao wimbo ni mmoja: wagonjwa wetu wanasahau, hawana nidhamu, elimu itolewe. Na mimi nimeuitikia miaka mingi. Mwezi wa pili mwaka huu, kliniki ya presha na sukari, likarudi fungu nene kuliko kawaida. Nikanunua bando la dakika kwa hela yangu, baada ya kazi nikakaa nalo nikaanza kupiga.

Kwanza simu zenyewe. Nyingi hazipatikani. Kuna namba ziliandikwa kabla ya usajili wa alama za vidole. Laini zilipoanza kuzimwa Januari 2020 watu wakachukua nyingine, faili halikuambiwa. Namba moja ni ya kijana wa bodaboda aliyemleta bibi siku ya kwanza. "Yule bibi? Nilimshusha hapo getini, sijamwona tena." Nyingine ni ya mtoto yuko Dar, na ndiyo kwanza anasikia kwangu kwamba mama yake ana kisukari. Hapo nikajua nimeharibu, siku hizi nauliza kwanza naongea na nani.

Waliopatikana sasa.

Mzee mmoja wa Mbarali alinijibu kwa hasira: "Mwanangu, nilikuja!" Nikafungua faili, HAKUFIKA. Nikamwuliza alifika saa ngapi. Saa nane kasorobo mchana, alitangulia makusudi asichelewe. Kumbe kompyuta yetu ilimtumia meseji: kliniki 8:00. Jamani, Mswahili gani anasoma 8:00 akaelewa saa mbili asubuhi? Alikuta mlinzi na mfagiaji, akageuza Rujewa. Nauli ikaliwa, dawa hakupata, na sisi tukamgonga wino.

Mama mmoja wa Uporoto, viazi. Tajiri alipiga simu jioni: lori linakuja kesho, kama hujachimba linakwenda kwa jirani. Kesho yake ndiyo tarehe yake ya kliniki. Akaniuliza mimi, "Ungekuwa wewe?" Sikuwa na jibu.

Wengine ni msiba. Hili sihitaji kulieleza, mnaojua Unyakyusa mnajua. Huwezi kupita kwenye msiba wa jirani ukielekea stendi na kadi ya hospitali mkononi.

Kuna aliyeacha kwa sababu alipona. Presha ilishuka, kichwa kikaacha kugonga, akaona vidonge vimemaliza kazi. Kwa huyu hata mimi nilitulaumu sisi wenyewe, tulimpa dawa bila kumwambia kwamba hii ni ya kila siku mpaka uzeeni.

Kisha kuna simu moja iliyopokelewa na binti. Nikajitambulisha, nikamwulizia mama, nikasema tarehe yake imepita. Kimya. Akasema, "Kaka, mama tulimzika mwezi wa kumi na mbili." Faili liko mbele yangu. Lina HAKUFIKA ya mwezi wa kwanza na HAKUFIKA ya mwezi wa pili. Mwandiko wangu zote mbili.

Siku hiyo sikupiga tena.

Aliyesahau kweli alikuwa mmoja tu, na huyo ni mwalimu, anakaa Soweto hapahapa mjini, bajaji moja tu mpaka kwetu.

Nilichokiona ni kwamba tarehe nyingi zilikufa siku ileile tulipoziandika. Tunahesabu wiki, tunaandika kwenye kadi, tunaita anayefuata. Hakuna anayemwuliza mwenye mwili siku hiyo atakuwa wapi. Naomba kuwasilisha, na nyie semeni yenu.

Pilipili Manga

Uzi mrefu hivyo kwa jambo dogo. Watu wa huko wanapenda mizizi. Mengine yote ni visingizio.

Mtunza Mafaili

Mkuu, yupo aliyeniambia anakunywa mizizi asubuhi na vidonge vyetu usiku. Tarehe hajawahi kukosa hata moja.

Sista wa Zamu

Mtunza Mafaili, hongera kwa moyo, ila usitupakazie. Mimi ni muuguzi, kliniki naijua. Kwa nini hatuulizi? Kwa sababu mbele yangu kuna benchi tatu zimejaa na nje kuna wengine wamekaa kwenye nyasi. Ukimwuliza kila mmoja siku gani inamfaa, tutalala pale.

Na jambo ambalo wewe wa dirishani hulioni: sisi tunajaza watu kupita uwezo makusudi, kwa kuwa tunajua wengine hawatatokea. Siku wakija wote, daktari anaona watu mpaka jioni bila hata chai. Siku wakija nusu, saa sita tumemaliza, na huko Makete kuna mtu alinyimwa tarehe hiyohiyo akaambiwa imejaa. Amekaa na kidonda chake cha mguu. Huyo ndiye anayeumizwa na asiyekuja, si mimi.

Halafu kuna wale wa siku isiyo yao. Tarehe Jumatano, anakuja Ijumaa kwa kuwa kapata lifti ya gari la mkaa. Nikimpokea, wa Ijumaa wananung'unika. Nikimrudisha, mnaandika uzi.

Mchele wa Kyela

Sista, shikamoo kwanza. Ila niulize: nani alimkosa nani?

Baba yangu ana nyonga. Daktari wa mifupa hospitali aliyopangiwa anaona wagonjwa siku moja tu kwa wiki. Mwezi wa nne, mvua za Kyela mnazijua, tumetoka nyumbani saa tisa usiku, bodaboda mpaka lami, tumekaa kwenye kosta mzee analia kimyakimya kila tuta. Tunafika, tunaambiwa daktari yuko semina. Rudini wiki mbili. Tumerudi. Daktari amepata dharura chumba cha upasuaji, hii nayo tukaielewa, mgonjwa anaweza kuwa anakufa. Tukapewa tarehe ya tatu.

Mzee alikataa kupanda gari. Alisema, "Mimi nimekwenda kwake mara mbili. Sasa ni zamu yake aje kwangu."

Nina hakika huko kabatini kwenu ameandikwa HAKUFIKA. Daktari naye ana faili anapoandikwa?

Sista wa Zamu

Marahaba. Mpe pole mzee. Kwa hilo la semina sina utetezi, semina inajulikana wiki nzima kabla. Mngepigiwa simu.

Lumbesa

Hahaha, Mtunza Mafaili, huenda hilo lori la viazi ni langu. Mama asinilaumu, na mimi napangiwa na soko la Dar.

Ila niwaambie kitu kuhusu hela, maana mimi ndiye ninayeipeleka huko. Mkulima hana mshahara wa mwezi. Wa mpunga wa Mbarali na Kyela anashika hela kuanzia mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Wa kahawa Mbozi naye ni humohumo kuelekea wa tisa. Ukifika mwezi wa pili ya mpunga imekwisha kwa ada na mbolea, mahindi yako shambani mabichi. Huo mwezi wako uliopata fungu nene la mafaili, sisi huku ndio mwezi ambao hata duka la soda linalala. Wewe unampa mtu tarehe kila mwezi kana kwamba kila mwezi una sura moja. Wa chai Rungwe na Mufindi kidogo wana nafuu, jani linachumwa mwaka mzima.

Na nauli ya watu ni mbili. Mgonjwa wa kisukari mwenye macho mabovu haji peke yake. Hesabu nauli ya kuja, ya kurudi, mara watu wawili, na chakula, maana ameambiwa aje hajala kitu. Vidonge vyenyewe ni bei ya chini kuliko safari ya kuvifuata.

Mlima Loleza

Niongeze la kutoka mbali kidogo. Msidhani ni ugonjwa wetu. London walifanya jaribio, matokeo yakachapishwa 2015. Wagonjwa wote wa kliniki za nje walitumiwa meseji ya kuwakumbusha, ila maneno yalitofautiana. Meseji ya kawaida, waliokosa walikuwa asilimia 11.1. Meseji iliyotaja kwamba kukosa tarehe kunaigharimu hospitali kama pauni 160, wakashuka mpaka asilimia 8.4. Yaani maneno tu yamebadilishwa, hakuna hela iliyotoka.

Tungeiga hili, mnaonaje?

Mchele wa Kyela

Mkuu, mwambie baba yangu ameitia hospitali hasara, halafu subiri akuhesabie nauli zake mbili. Huyo wa London kapanda treni ya chini kwa chini kaenda kliniki karudi kazini.

Mtunza Mafaili

Meseji zinasaidia, Mlima Loleza, silipingi. Ila ianze na yule mzee wa 8:00. Meseji nzuri yenye saa ya Kizungu imempoteza kuliko angeachwa na kadi yake.

Kamwene Wote

Niko Njombe. Mmezunguka sana, ngoja niseme la CTC, kliniki ya wenye VVU.

Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta Njombe tunaongoza kwa VVU kwa watu wazima, asilimia 12.7. Iringa ikafuata na 11.1, Mbeya 9.6. Kwa hiyo kwetu kliniki siyo ya watu fulani, ni ya kila ukoo. Na bado mtu anaruka kituo kilicho mlango wa pili na nyumba yake, anakwenda wilaya nyingine asionekane. Anaaga nyumbani kwamba anakwenda kufuata mbegu. Siku ikitokea mume au mama mkwe amesema "mbegu zipo hapa dukani, unafuata nini Makambako?", tarehe imekufa. Atamwambia nini?

Kwa hiyo ninyi mnaopiga simu, chungeni ulimi. "Napiga kutoka CTC" ukimwambia aliyepokea tu, umeshavunja nyumba ya mtu. Kwetu anayepiga hujitaja kwa jina la kwanza, anamtaka mwenyewe, akikosekana anakata.

Lililotusaidia kwelikweli ni dawa za muda mrefu. Aliyetulia, virusi vimefubazwa, anapewa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Mbegu mara mbili kwa mwaka zinaaminika. Najiuliza kwa nini mtu wa presha aliyetulia miaka minne bado anaitwa kila mwezi kupimwa mkono na kupewa vidonge thelathini.

Sista wa Zamu

Kamwene, hapo umenena. Jibu fupi: za CTC zinaletwa na mpango wake na hazilipiwi. Za presha zinategemea dirisha la dawa lina nini siku hiyo na bima ya mtu inalipia nini. Nikimwandikia za miezi mitatu anapewa za mwezi mmoja, nyingine akanunue nje.

Sijafika

Nimesoma uzi huu tangu jana nikisita kuandika. Mimi ni mmoja wa hao wa wino mwekundu. Sijui kama ni hospitali yako, Mtunza Mafaili, wala sitasema ni ipi.

Nina uvimbe, mambo ya kike. Daktari alikuwa mpole sana siku ya kwanza. Akaniandikia ultrasaundi na vipimo vya damu, akasema njoo navyo tarehe fulani. CHF yetu, bima ya afya ya jamii, ilikuwa imekwisha muda. Ile iliyoboreshwa ilikuwa elfu 30 kaya ya watu 6 kwa mwaka, najua mtasema ni ndogo, lakini elfu 30 kwa mkupuo na mume hayupo ni kitu kingine. Nikasema nitakusanya ya vipimo kidogokidogo. Tarehe ikafika sina kipimo. Nikajiambia, niende mikono mitupu nikasemwe mbele za watu? Niliwahi kumwona mama mmoja kwenye ile foleni akiambiwa kwa sauti, "Sasa umekuja kufanya nini hapa?" Sikwenda.

Na mkishakosa moja, ya pili ni ngumu zaidi. Maana sasa una makosa mawili: huna kipimo na ulipotea. Kila wiki inayopita aibu inaongezeka. Nimekuwa naizungusha kadi kwenye kabati la vyombo ili nisiione. Ni miezi saba.

Sikusahau. Kuna siku naamka naikumbuka kabla sijakumbuka kuwasha moto.

Mtunza Mafaili

Dada yangu. Njoo na kadi hivyohivyo. Kama ni dirisha langu utaniona, mzee mwenye koti la kijivu Julai na Januari. Hakuna atakayekusema.

Sista wa Zamu

Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Usisubiri kupata hela ndipo uje. Njoo, mwambie daktari vipimo sijafanya kwa sababu ya hela. Hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, uliza mlinzi atakuonyesha. Wanakuhoji, wakiridhika huna uwezo wanakuandikia msamaha. Hiyo ni tofauti na misamaha ya wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa 60 na kuendelea wasiojiweza. Watu hawaijui kwa kuwa hatuwaambii pale dirishani. Ukifika ukasemwa ovyo na yeyote, kumbuka jina lake.

Na yule mama aliyeambiwa "umekuja kufanya nini", nimejiuliza usiku kucha kama ni mimi niliyesema. Siku mbaya hizo maneno yanatoka.

Pilipili Manga

Haya, nimerudi kufuta kauli yangu ya visingizio. Dada pole, nenda.

Lumbesa

Sijafika, kama uko njia ya Uyole mpaka Chimala lori langu linapita Jumatatu na Alhamisi. Kiti cha mbele, siyo juu ya magunia. Ongea na Mtunza Mafaili faragha.

Mtunza Mafaili

Wakuu, mrejesho, wiki sita baadaye.

Bosi aliposikia napiga simu kwa bando langu alidhani nafanya biashara. Tulipoelewana akaruhusu simu ya ofisi, saa moja kwa siku. Tumebadilisha vitu vidogo. Kadi sasa inaandikwa "saa 2 asubuhi", na kijana wa kompyuta ametengeneza meseji isome hivyohivyo. Namba mbili kwa kila faili, na ubavuni naandika ni ya nani: mwenyewe, mtoto, jirani. Ya bodaboda sipokei tena.

Na nauliza, "Mama, Jumatano hiyo una nini?" Sista aliogopa tutalala pale, lakini wengi wanajibu kwa neno moja. "Soko." "Kipaimara." "Napalilia." Namsogeza wiki mbele. Neno HAKUFIKA tumeliacha, naandika HATUJAMPATA mpaka nimejua, na nikijua naandika sababu yenyewe.

Fungu limepungua? Kidogo. Wiki iliyokuwa na misiba miwili mikubwa Rungwe lilirudi nene kama zamani.

Yule mzee wa Mbarali alikuja, saa moja na nusu asubuhi. Alikaa benchi la mbele na kunitazama tu mpaka nikaenda kumwamkia.

Yule dada Sijafika ameniandikia faragha. Nitaachia hapo.

Mwana wa Mwakaleli

Mkuu uzi umenikuta nimechelewa. Nina swali, mama yangu ana kadi, tarehe ameandikiwa 8 mwezi wa nane. Ananiuliza kama kliniki ipo maana anataka kuondoka na kosta ya kwanza.

Sista wa Zamu

Tarehe nane mwezi wa nane ni Nane Nane, mdogo wangu. Sikukuu. Kliniki hakuna, Mbeya nzima iko uwanjani pale Uyole inaangalia ng'ombe.

Mchele wa Kyela

Haya. Naye angegongwa HAKUFIKA?

Mtunza Mafaili

Nitumie picha ya kadi faragha, funika jina.

Mwana wa Mwakaleli

Nimetuma.

Mtunza Mafaili

Nimeiona. Nane mbili zimelala kama miwani, na saa imeandikwa "2 asubuhi" vizuri kabisa. Mwandiko ni wangu. Nilihesabu wiki, sikufungua kalenda.

Mwambie mama asipande kosta. Siku kama hiyo wiki inayofuata ana nini?